Wakazi Waitwe Kabla Fomu Haijaandikwa

Siku hizi ni nadra kukuta mradi wa kuchora ramani kwa ajili ya afya au mipango ya makazi usiojisifu kwamba umeshirikisha jamii. Ukifuatilia, mara nyingi ushirikishwaji wenyewe ni huu: vijana wa mtaa wamepewa simu yenye fomu, wameonyeshwa pa kubonyeza, wameshinda juani wakihesabu vyoo na visima, kisha takwimu zimeondoka na wageni waliokuja kuzitafuta. Fomu iliandikwa kwingine. Hakuna aliyewauliza wakazi kama maswali yaliyomo ndiyo yanayowasumbua. Kwa maoni yangu kazi huharibikia hapo, kabla hata nukta ya kwanza haijawekwa kwenye ramani.

Chukua choo cha umma. Kwenye fomu nyingi choo ni nukta moja: kipo au hakipo, cha shimo au cha maji. Sasa muulize mama anayekitumia. Atakwambia kinafungwa saa mbili usiku, ufunguo anakaa nao mtu mmoja tu, njia ya kukiendea haina taa, na mvua kubwa ikinyesha shimo hufurika kuelekea kisimani. Mambo hayo manne ndiyo yanayoamua kama watu watakitumia au la, na kipindupindu kikiingia kitapitia wapi. Picha ya setilaiti haiyaoni, na mwandishi wa fomu hayakumjia akilini. Zahanati nayo ni hivyo hivyo. Ramani inaweza kuonyesha kwamba iko nusu kilomita tu kutoka majumbani, na ni kweli, ila katikati pana korongo ambalo mjamzito halivuki wakati wa masika.

Watu wa afya wanapenda kusimulia ramani ya kipindupindu ya daktari John Snow, London, mwaka 1854, kana kwamba alikaa mezani, akatia alama, akaona jibu. Haikuwa hivyo. Snow, aliyeshuku kwamba ugonjwa unatoka kwenye maji ya pampu ya mtaa wa Broad Street, alipita akiuliza watu wanakunywa maji ya wapi. Ndivyo alivyojua kwa nini wafanyakazi wa kiwanda cha bia kilichokuwa karibu na pampu hiyo walinusurika: walikunywa bia, na kiwanda kilikuwa na kisima chake. Ndivyo alivyojua pia habari za mjane wa Hampstead, mbali na pale, aliyekufa kwa kuwa aliyapenda maji ya pampu ile na alikuwa akiletewa. Na aliyegundua jinsi maji hayo yalivyochafuliwa hakuwa Snow. Alikuwa kasisi kijana wa parokia ile, Henry Whitehead, ambaye mwanzoni alimpinga Snow. Whitehead aliwajua waumini wake, aliweza kurudi nyumba ileile tena na tena bila kufungiwa mlango, na ndiye aliyegundua kwamba mtoto mchanga wa nyumba namba 40 aliugua kabla ya wengine, na maji ya kufulia nepi zake yalimwagwa kwenye shimo la maji taka jirani na kisima. Bila mtu wa mtaani, ramani ile ingebaki na alama nyingi na maelezo pungufu.

Sikatai kazi ya mbali. Baada ya tetemeko la Haiti la Januari 2010, watu wa kujitolea duniani kote walichora barabara za Port-au-Prince kwa kufuata picha za setilaiti, na waokoaji wakazitumia. Lakini barabara huonekana kutoka juu. Mpaka wa shina, yaani kundi la nyumba zilizo chini ya mjumbe mmoja, hauonekani. Dar es Salaam mgonjwa akiulizwa anakaa wapi, mara nyingi hataji namba ya nyumba, anamtaja mjumbe wake. Na mipaka ya mashina imo vichwani mwa wajumbe. Ndiyo maana mradi wa Ramani Huria ulipochora mitaro na majengo ya jiji hilo kwa ajili ya mafuriko, ulihitaji wanafunzi wa vyuo na wenyeji pamoja. Kibera nako, jijini Nairobi, palikuwa karibu patupu kwenye ramani za mtandaoni hadi 2009, vijana wa hapohapo walipoanza kupachora wenyewe katika OpenStreetMap, ramani huru ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea.

Kuna jambo jingine ambalo husemwa kwa sauti ndogo mno. Anayeruhusiwa kuweka kitu kwenye ramani awe na haki ya kukataa kisiwekwe. Nyumba yenye mgonjwa wa kifua kikuu ikipata nukta yake, jirani ataitambua hata jina lisipoandikwa. Makazi yasiyopimwa yakichorwa vizuri, ramani ileile ya kuleta bomba inaweza kutumiwa na mtu anayetaka kuwahamisha watu. Wakazi wanaliona hilo mapema kuliko mtaalamu, na wakisita tusiwaite wagumu wa kuelewa.

Kikao cha kuamua nini kichorwe kifanyike kwanza, na wanawake wapewe saa yao, maana mbele ya wanaume habari za choo na usiku hazisemwi zote. Ramani ikikamilika, nakala ya karatasi ibaki ofisi ya mtaa, isomeke bila intaneti. Bajeti nyingi zina fungu la vifaa na la mafunzo, ila fungu la kurudi mwaka unaofuata kusahihisha visima vilivyokauka halimo. Liwekwe, lilipe posho ya wanaotembea, na lisimamiwe na kamati ya wakazi wenyewe.