Siri ya mgonjwa haivuliwi pamoja na koti jeupe

Ndugu mwandishi, unauliza kama muuguzi akishatoka kazini bado tunaweza kumdai adabu ya kazi yake. Mimi nasema ndiyo, tena bila kusitasita. Mwaka jana dada yangu alipimwa kwenye kituo kimoja cha afya hapa Bukavu. Siku ya tatu yuko soko la Kadutu, ameinama anachagua sambaza, muuzaji anamwambia kwa sauti ya chini, "Pole mama, Mungu atakuponyesha." Dada aliacha samaki na chenji yake palepale.

Habari ilikuwa imetoka nganda, yaani baa, kinywani mwa muuguzi wa kituo kile. Kunywa kwake si shauri langu, anywe, acheze, amechoka kama sisi wote. Lakini jina lile alilisoma wapi kama si kwenye daftari la kazi? Kifungu cha 73, kitabu cha pili cha sheria yetu ya adhabu hapa Kongo, kinaweza kumfunga anayetoa siri za kazi kuanzia mwezi 1 hadi 6. Hakikusema ni mchana tu.

Kituo kiko nyuma ya nyumba yetu. Lakini dada hupanda taksi-moto ya pikipiki mpaka Bagira, mtaa mwingine wa mji, kufuata dawa.