Malalamiko kwa simu na mkutano wa kijiji

Mtu wa Bahi anayetaka leseni ya biashara hana haja tena ya kuganda kwenye benchi la halmashauri tangu saa mbili asubuhi. Anaingia kwenye Tausi, mfumo wa mtandaoni wa TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, anajaza taarifa zake, anapewa kontroli namba, analipa kwa simu. Tangu mfumo wa malipo ya serikali, GePG, uanze kazi mwaka 2017, zile risiti za kuandikwa kwa kalamu, na zile ambazo hazikuandikwa kabisa, zimepungua mno. Anayebeza hatua hii pengine amesahau foleni za zamani.

Ila huduma ni jambo moja na ushiriki ni jingine, na wataalamu wetu huyachanganya mno. Mwaka 1969 Mmarekani Sherry Arnstein aliupanga ushiriki wa wananchi katika ngazi nane. Kupewa taarifa na kuombwa maoni hakukuweka juu. Alikuweka katika kundi la geresha, kwa sababu anayeomba maoni hajajifunga kuyafuata. Kwa kipimo hicho, kontroli namba haimo hata kwenye ngazi ya kwanza. Mwananchi analipa haraka zaidi, basi.

Upande wa sauti ya mwananchi tunayo e-Mrejesho, iliyotengenezwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao, taasisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 na yenye makao yake hapa Dodoma. Mwananchi anachagua taasisi, anaandika lalamiko, swali, pendekezo au pongezi, kisha anafuatilia majibu. Asiye na simu janja anapiga *152*00#. Kwa kijana wa Mpwapwa ambaye zamani angelazimika kupanda basi kuja mjini kuulizia barua yake, hiki si kitu kidogo.

Swali ni kama serikali inajibu, na hapo utafiti hautupi raha. Tiago Peixoto na Jonathan Fox walichambua mifumo 23 ya aina hii katika nchi mbalimbali, kazi iliyochapishwa mwaka 2016. Walichokiona ni kwamba teknolojia inawaongezea wakubwa uwezo wa kujibu, lakini kwa sehemu kubwa haiwaongezei nia. Mwenye nia tayari hupata chombo kizuri. Asiye na nia hupata kapu jipya la kutupia barua.

Sisi wenyewe tulishapata somo hili mapema. Shirika la Daraja lilianzisha Maji Matone, mpango wa wananchi wa vijijini kutuma ujumbe mfupi pale kituo cha maji kinapoharibika, ili mhandisi wa wilaya apate taarifa na vyombo vya habari vifuatilie. Katika majaribio walitarajia ujumbe 3,000. Zilikuja 53. Sifa ya Daraja ni kwamba hawakuficha. Walisema hadharani kuwa mpango umeshindwa, wakaeleza sababu walizodhani. Mtandao wa simu ulikuwa hafifu vijijini. Wanaochota maji ni wanawake, na simu mara nyingi iko mfukoni kwa baba. Halafu watu hawakuamini kwamba ujumbe ungebadilisha chochote. Minara imeongezeka tangu wakati huo, simu nazo zimeongezeka. Hiyo sababu ya tatu haitibiwi na mnara.

Ukitaka kuona serikali mtandao ilivyo mtaani, nenda steshenari yoyote iliyo karibu na ofisi za umma hapa mjini. Kuna kijana, kompyuta, mashine ya kutoa kopi, na daftari. Ndani ya daftari kuna barua pepe za wateja na paswedi zao, kwa sababu mama aliyekuja kumwombea mwanawe mkopo wa chuo hana barua pepe na hatakumbuka paswedi. Kijana ndiye anayemfungulia, anamjazia, anachukua ada yake. Kwa huduma, mpangilio huu unakwenda, ingawa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ingekuwa na la kusema kuhusu lile daftari. Kwa malalamiko haufai hata kidogo. Nani ataenda kumshtaki mtendaji wa kata kupitia kijana ambaye mtendaji huyo huyo anachapishia kwake barua?

Hapa ndipo watetezi wa mkutano wa kijiji wanapopata nguvu. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 imempa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea nafasi katika mkutano huo. Mtu akisimama Chamwino akasema bomba halitoi maji tangu mwezi uliopita, anayesikia si mwenyekiti peke yake. Wanasikia wenzake, na mmoja anadakia, "Hata kwetu." Lalamiko la mmoja linakuwa la kitongoji kizima. Kwenye simu hakuna anayedakia. Watu 40 wanaweza kulalamikia bomba lile lile, kila mmoja akajibiwa peke yake kwamba suala lake linashughulikiwa, na wasijue kamwe kwamba walikuwa 40. Kwangu hili ndilo pengo kubwa, kuliko hata kasi ya intaneti, na silioni likizungumzwa.

Lakini tusiupambe mkutano. Vijiji vingi huuitisha kwa shida, na unapoitishwa wazee huongea, wanawake hukaa nyuma, vijana hawaji. Mwenyekiti akiwa shemeji yako utanyamaza. Simu ilitakiwa kuwa dawa ya hapo, kwa kumpa mnyonge nafasi ya kusema bila kutazamwa usoni.

Je, inampa? Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole uanze mwaka 2019, kila namba ina jina na kitambulisho cha NIDA nyuma yake. Mwananchi anajua hivyo, na anajua pia kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu taarifa za uongo. Hata mfumo ukimwahidi kuficha jina, atajiuliza mara mbili. Na Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Serikali ilikuwa na sababu zake za usalama, na wapo waliozikubali, lakini mtu wa kawaida aliona kwamba mlango huu ufunguo wake uko upande mmoja.

Sioni sababu ya kuchagua kati ya simu na mkutano. e-Mrejesho ibaki mlango wa kupokelea, jina la mlalamikaji lifichwe kweli, kisha malalamiko ya kila kijiji yarudi kijijini bila majina. Iwe orodha: bomba la maji, watu 40, zahanati kukosa dawa, watu 12, yamejibiwa hivi, au hayajajibiwa. Ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, pembeni ya taarifa ya mapato na matumizi.

Maofisa watapinga, na hoja yao moja ni nzito: orodha ya wazi itawafanya wafunge malalamiko haraka haraka, waandike "limefanyiwa kazi" na kwenda nyumbani. Wanaweza kufanya hivyo hata sasa, na hakuna wa kuwabishia. Orodha ikisomwa mbele ya watu wanaochota maji pale pale, atakayebisha yupo. Kwenye vijiji vidogo kuna tatizo jingine, kwamba lalamiko la mtu mmoja linatambulika hata bila jina, kwa hiyo yale ya mmoja mmoja yasibandikwe.

Mfumo mpya hauhitajiki kwa haya. Kinachohitajika ni kipengele cha kuchapa orodha kwa kila kijiji, na waraka wa TAMISEMI unaosema orodha hiyo ni ajenda ya mkutano wa kila robo mwaka.