Mzee aliangalia, mimi sikuwepo

Kuna sentensi moja niliambiwa na mzee mmoja kandokando ya barabara miaka kadhaa iliyopita na mpaka leo sijawahi kuipatia jibu. Nilikuwa nimetoka kumkosakosa na pikipiki, yani kidogo sana, nikaenda kusimama huko mbele, nikageuza nikarudi huku natetemeka kwa hasira (wakati ule niliamini ni hasira), nikavua helmeti nikaanza kumfokea, we mzee huwa huangalii ukiingia barabarani? Alikuwa ameshaegesha pembeni ila bado amekaa ndani ya gari, mikono yote miwili iko kwenye usukani. Akanijibu taratibu tu, mwanangu nimeangalia huku, nikaangalia na huku. Hukuwepo.

Nikamwona muongo, nikaondoka nimevimba.

Niseme ilivyokuwa. Mara ya mwisho macho yangu kupita kwenye dashibodi niliona kilomita 240 kwa saa. Barabara imenyooka, lami kavu, jua limewaka, mbele hakuna kitu, ile hali ambayo kila mpenda mashine kubwa anaijua, mkono wa kulia unanyonga mafuta wenyewe hata hujauambia. Mzee akatokea njia ndogo ya pembeni. Nikakamata breki mpaka tairi la nyuma likaanza kucheza, na kilichoniokoa siyo breki wala ujuzi wala ule usiku wote niliokesha naangalia video za jinsi ya kukata kona. Kilichoniokoa ni kwamba mzee aliponiona hakusimama. Aliendelea kwenda na mwendo wake ule ule na mi nikapita nyuma ya gari lake kwenye upenyo ambao sekunde moja kabla haukuwepo. Angeganda katikati ya njia, kama wengi wetu tunavyofanya tukishtuka, basi sahivi ningekuwa historia.

Usiku usingizi ukagoma nikaanza kupiga hesabu, na hesabu ndo ilinimaliza nguvu. 240 kwa saa ni kama mita 67 kwa kila sekunde. Sasa mtu anayetoka njia ya pembeni anaangalia upande mmoja, anageuza shingo anaangalia wa pili, anaachia klachi, gari linaanza kujivuta, mpaka pua ya gari iko katikati ya lami zimeshapita sekunde tano hivi, na hapo ni mtu asiyezubaa. Tano mara 67 ni 335. Kwa hiyo wakati yeye anageuza shingo kuangalia upande wangu mi nilikuwa zaidi ya mita mia tatu huko, weka viwanja vitatu vya mpira kimoja nyuma ya kingine, na pikipiki ikija uso kwa uso haina upana, ni kijitaa kimoja na vijibega viwili juu yake. Nukta. Na hata tuseme nukta aliiona, akili yake ilimwambia kitu sahihi kabisa, kwamba chombo kilicho mbali namna ile kikija na mwendo wa kawaida, tuseme 80, kitachukua sekunde kumi na tano kufika hapa, muda wa kuingia barabarani, kunyoosha gari na kubadili gia mbili bila presha yoyote.

Yani mzee hakukosea popote. Aliangalia, akakadiria, akaingia. Mi ndo sikuwepo.

Na hapa ndo kuna maoni yangu ambayo najua wenzangu wa pikipiki watanichukia nayo. Tumezoea kusema "wenye magari hawatuangalii". Kweli wapo wasioangalia, simu mkononi, vipodozi, nk. Lakini ukiwa 200 na kuendelea hiyo lawama huna tena haki nayo. Barabara ya wote inaendeshwa kwa kukisia, kila mtu anamkisia mwenzake, mtembea kwa miguu anakisia gari, gari linakisia lori, na makisio yote hayo yamejengwa juu ya spidi ambazo watu wamezizoea. Ukija na spidi ambayo hakuna mtu kwenye ile barabara anaitarajia umejitoa kwenye makubaliano, halafu unataka wengine wakulinde kwa makubaliano hayo hayo.

Kuna utafiti maarufu wa Marekani, ule wa Harry Hurt uliotoka 1981, watu wa pikipiki wanaupenda sana kwa sababu ulionyesha kwamba kwenye ajali za pikipiki na chombo kingine, karibu theluthi mbili ni yule mwenye chombo kingine aliyeingilia njia ya pikipiki. Nami nilikuwa nautaja kila nikibishana na mtu. Kitu ambacho nilikuwa siendi kukisoma ni kwamba kwenye utafiti huo huo mwendo wa katikati wa pikipiki kabla ya ajali ulikuwa chini ya kilomita 50 kwa saa. Hamsini! Yani hata tukiwa tunatambaa macho ya binadamu yanapata shida na sisi, kwa sababu kitu chembamba kinachokuja moja kwa moja kinaonekana kiko mbali zaidi na kitachelewa zaidi kuliko hali halisi. Sasa we unakuja mara tano ya hapo unategemea nini.

Hapo huwa linakuja jibu la "mi najua kuendesha". Sawa. Mi nina marafiki wanajua kuendesha kweli kweli, nawaona wanavyolaza mashine kwenye kona nawaonea wivu. Ila ujuzi unafanya kazi kwenye vitu vilivyo chini ya mikono yako, na ile sekunde ya mzee haikuwa chini ya mikono yangu. Angalia wanaolipwa kwa kazi hii. Brad Binder mwaka 2023 kule Mugello, Italia, alifikisha 366.1 kwenye MotoGP, yale mashindano makubwa ya pikipiki duniani, lakini hebu angalia alifikisha wapi, kwenye saketi, uwanja wa mbio ambao wote wanaelekea upande mmoja, hakuna njia ya pembeni, hakuna mbuzi, hakuna mtoto anafuata mpira, ukianguka kuna uwanja wa kokoto wa kukupunguza na kuta laini zenye hewa, madaktari wamekaa wanasubiri, na suti zina mifuko ya hewa ndani ambayo tangu 2018 ni lazima. Na pamoja na hayo yote bado Marco Simoncelli, naye wa MotoGP, alifariki kwenye saketi ya Sepang, Malaysia, mwaka 2011, aliteleza akavuka mbele ya wenzake wakamgonga, na wale ni watu wenye macho na mikono ya haraka kuliko wote duniani na walikuwa wanajua yupo.

Mfano wa mbio za pikipiki za Isle of Man, kile kisiwa kati ya Uingereza na Ireland, ndo unaniuma zaidi. Kule wanakimbizana kwenye barabara za kawaida, zina kuta za mawe, nyumba, nguzo, tangu 1907. Barabara zinafungwa kabisa, hakuna gari linaingia, waendeshaji wanaijua njia kwa moyo jiwe kwa jiwe. Na kwenye ile njia ya milimani wameshakufa zaidi ya 260. Wachezaji wakubwa wa wakati ule waligoma kwenda, bingwa wa dunia Agostini mmojawapo baada ya mwendeshaji mwenzake Parlotti kufa pale 1972, na baada ya 1976 mbio zile zikaondolewa kwenye ubingwa wa dunia. Kwa hiyo waliofuzu, kwenye barabara iliyofungwa, waliona hapana. Halafu mi na we, kwenye barabara iliyo wazi, Jumapili mchana.

Kuna pia ile video ya Kenan Sofuoglu akifikisha 400 kwenye daraja la Osman Gazi Uturuki, 2016, watu wanaifowadi mpaka leo kama ushahidi kwamba inawezekana. Ndiyo inawezekana. Ni bingwa wa dunia mara kadhaa, juu ya Kawasaki H2R ambayo hairuhusiwi hata kutembea barabarani, kwenye daraja lililofungwa tena hata halijafunguliwa rasmi. Ukitoa hayo matatu kinachobaki ni jamaa mmoja na kamera kifuani.

Tukija kwenye breki. Kila mtu anasifia breki zake, kaliba (vile vibanio vya diski) za rangi ya dhahabu, ABS inayosoma mpaka ulalo wa pikipiki. Nakubali, ABS ni kitu kizuri sana na nisingenunua mashine isiyo nayo. Lakini ABS inazuia tairi lisijifunge, haiongezi lami. Kwenye lami kavu, ukishika breki vizuri, kutoka 80 utasimama kwa kama mita 31. Kutoka 240 ni kama mita 280, maana spidi ikiwa mara tatu umbali wa breki unakuwa mara tisa, na hapo sijahesabu ile sekunde moja ya kushtuka ambayo peke yake ni mita 67 nyingine. Jumlisha uone. Inafika karibu 345. Mzee alipoangalia nilikuwa kwenye 335. Yani hata kama ningeshtuka sekunde ile ile anageuza shingo, kabla hata hajaamua kuingia, bado nisingesimama kabla ya kumfikia.

Helmeti nayo. Vaa, kila siku, hata ukienda hapo dukani tu, imeokoa vichwa vingi mno. Ila watu wengi hawajui kwamba kiwango cha Ulaya ambacho helmeti nyingi zimebandikwa alama yake, kwenye kipimo cha kugonga kwa miaka mingi kimetumia mita 7.5 kwa sekunde, ambayo ni 27 kwa saa. Siyo kwamba ni utapeli, kichwa mara nyingi kinashuka chini kwa spidi kama hiyo hata kama pikipiki ilikuwa inakwenda zaidi, kwa sababu unaanguka halafu unateleza. Tatizo ni pale mbele kunapokuwa na kitu cha kukusimamisha. Nguzo. Ukingo wa chuma. Mlango wa gari la mzee.

(Kituko kidogo cha pembeni. Suzuki walipotoa pikipiki yao ya Hayabusa 1999 ilipita 300 kwa saa, serikali za Ulaya zikaanza kuguna, na watengenezaji wakakubaliana kimyakimya wenyewe kwa wenyewe kwamba dashibodi na mashine ziishie 299. Ndo maana kwenye mashine nyingi utaiona hiyo 299 imeganda pale. Kuna watu wanaamini ni namba ya usalama. Ni namba ya kuwanyamazisha wanasiasa tu.)

Lakini cha hatari kuliko vyote kwangu ni mazoea, kwa sababu hayana kelele. Mara ya kwanza unafika 160 moyo unataka kutoka. Baada ya wiki tatu 160 ni ya kuongelea na mtu wa nyuma. Ukikaa kwenye 200 kwa dakika ishirini halafu ukapunguza mpaka 100 unahisi kama unaweza kushuka utembee, nimewahi kuingia kona ya kutokea barabara kuu nikiamini niko 60 kumbe 110. Mwili unadanganywa. Na mashine za cc 1000 (injini ya lita moja) siku hizi zinasaidia kudanganya, zimetulia mno, gia ya kwanza peke yake inapita 150, hazitetemeki, hazilalamiki. Pikipiki ya zamani ilikuwa inakuambia jamani inatosha.

Na macho nayo yanabana. Kadiri unavyokwenda unaangalia mbali zaidi, lazima, la sivyo utakufa, ila ukiangalia mbali vya pembeni vinakuwa ukungu tu unaopita. Na ndani ya ule ukungu ndo kuna njia ndogo, watoto, mbwa, wazee wenye magari yao.

Sijaacha pikipiki, niseme wazi kabla hamjaanza kwenye komenti. Nainyonga, siku za kwenye saketi wakifungulia watu wa kawaida, na pale nimegundua kitu cha aibu kidogo, kwamba mimi ni mzito, kuna mama wa makamo na mashine ndogo ya cc 600 ananipita kwenye kila kona. Barabarani nilikuwa bingwa kwa sababu nilikuwa nashindana na watu ambao hawakujua kuna mashindano.

Kilichonifanya niandike leo ni dogo mmoja wa kwenye grupu letu. Amenunua mashine ya lita moja, ya kwanza kabisa maishani mwake, na juzi usiku akanitumia klipu ya kwenye helmeti anaomba maoni, bro cheki hii. Dashibodi inasoma 271. Nimeiangalia mara nyingi kuliko alivyotaka. Kwenye sekunde ya kumi na nne kuna njia inaingia kutoka pembeni, na pale kuna gari limesimama taa zinawaka, linasubiri kuingia, unaona kabisa mwanga wake umemwagika kwenye lami halafu unapotea.

Nikamuuliza, lile gari uliliona?

Akajibu, gari gani?