Msaada kwanza, jina baadaye

Mwaka wa kwanza wa shule unaelekea ukingoni na mtoto bado anasoma kwa kubahatisha: anatazama herufi ya kwanza, anatupia jicho picha, kisha anataja neno lolote linalokaribia. Mwalimu mmoja anasema apewe muda, atakomaa. Mwenzake anataka apelekwe kupimwa wiki hii hii. Wote wawili wanamtakia mema, na kila mmoja ana hoja nzito kuliko mwenzake anavyokubali.

Tuanze na anayeharakisha. Mtoto asiyeweza kutenganisha sauti zilizomo ndani ya neno hupata shida kuoanisha herufi na sauti, hivyo husoma polepole. Anayesoma polepole husoma kidogo, na anayesoma kidogo hukosa msamiati ambao wenzake wanauokota bure vitabuni. Miaka mitatu baadaye pengo la kusoma limekuwa pengo la sayansi na hata la hesabu, maana maswali nayo husomwa. Isitoshe, kufikia hapo mtoto amekwisha kujihukumu kuwa mjinga na amejifunza kujificha, ama kwa utundu, ama kwa tumbo linalouma kila siku ya kusoma kwa sauti. Ikiwa tatizo ni masikio au macho, sioni hata cha kujadili. Asiyeuona ubao hatauona kwa kukomaa.

Marekani ilijifunza hili kwa gharama. Kwa miongo kadhaa, njia iliyozoeleka ya kuthibitisha ugumu wa kujifunza ilikuwa kulinganisha alama za mtoto katika jaribio la akili na maendeleo yake darasani. Pengo likiwa kubwa vya kutosha, ndipo alipostahili msaada. Lakini pengo halikui kwa siku moja. Ilimlazimu mtoto aanguke kwa miaka ndipo aonekane. Wakosoaji waliuita utaratibu huo kusubiri mtoto afeli, na marekebisho ya sheria ya mwaka 2004 yakazuia majimbo kuufanya kuwa sharti.

Sasa yule anayesema tungoje. Si mzembe. Anajua kwamba watoto hawakui kwa mwendo mmoja, kwamba kuchanganya b na d katika miaka ya mwanzo ni jambo la kawaida kabisa, na kwamba wengi wanaochelewa kuzungumza huwafikia wenzao bila mtaalamu yeyote. Ushahidi ninaouona mzito zaidi upande wake ulitoka Kanada mwaka 2012, katika utafiti uliofuatilia zaidi ya watoto laki tisa wa jimbo la British Columbia. Huko darasa hupangwa kwa mwaka wa kuzaliwa, hivyo aliyezaliwa Desemba huketi na wenzake wa Januari waliomzidi karibu mwaka mzima. Wavulana wa Desemba walikuwa na uwezekano mkubwa kwa asilimia 30 kuliko wale wa Januari wa kuambiwa wana ADHD, yaani tatizo la umakini na utundu uliopitiliza. Kwa wasichana ilikuwa asilimia 70. Ugonjwa hauchagui mwezi. Baadhi ya watoto hao kosa lao lilikuwa udogo tu.

Na jina la tatizo likishabandikwa kwa mtoto ni gumu kulibandua. Mwanasaikolojia Alfred Binet na mwenzake Théodore Simon walipotunga kipimo chao cha akili Ufaransa mwaka 1905, nia ilikuwa kuwatambua watoto wanaohitaji kufundishwa kwa namna nyingine. Kilipovuka mipaka, kikageuzwa kuwa mizani ya kupanga watu kwa madaraja ya akili, jambo ambalo Binet mwenyewe alilipinga.

Kuna tahadhari nyingine isiyozungumzwa sana: msaada wenyewe unaweza kudhuru. Utafiti mkubwa wa shule za Uingereza na Wales uliokamilika mwaka 2009 ulikuta kwamba wanafunzi waliopata zaidi huduma ya walimu wasaidizi walipiga hatua ndogo kuliko wenzao wa hali kama yao. Wasaidizi hawakuwa wabaya. Ila mtoto mwenye shida kubwa kuliko wote alikabidhiwa kwa mtu mwenye mafunzo machache kuliko wote, huku mwalimu akiendelea na darasa. Kuwahi si sifa ikiwa unachowahisha ni kiti cha pembeni.

Kwa maoni yangu, ugomvi wa walimu wetu wawili unatokana na kufunga mambo mawili katika fundo moja: kumsaidia mtoto na kumpa jina. La kwanza halina sababu ya kungoja. La pili mara nyingi lina sababu ya kutofanyiwa haraka. Ufini iliyatenganisha: mfumo wa ngazi tatu ulioanza mwaka 2011 ulimruhusu mtoto kupata msaada shuleni bila cheti cha daktari, na kuuongeza kadiri alivyouhitaji.

Wazazi wengi watanipinga, nao wana haki. Wanajua kwamba pale bajeti inapofuata jina, asiye na jina hapati kitu. Wanajua pia faraja ya mtoto anayegundua kwamba kinachomsumbua ni disleksia, yaani ugumu wa kusoma maneno, wala si uvivu. Kwa mtoto mwenye usonji au uziwi, jina la mapema hufungua mlango wa lugha ya alama, vifaa na wataalamu ambao mwalimu wa kawaida hawezi kuziba nafasi yao. Kumcheleweshea jina huyo kwa kuogopa kibandiko ni ukatili wenye sura ya upole.

Lakini yule anayesoma kwa kubahatisha hayuko hapo bado. Apimwe macho na masikio kwanza. Kisha wiki nane katika kundi la watoto watatu au wanne, dakika 20 kila siku, mwalimu wake mwenyewe akiwafundisha sauti na herufi kwa mpangilio na kuandika kila wiki kilichoshikwa na kilichoteleza. Asipopiga hatua, daftari hilo litamfaa mtaalamu kuliko barua ya kulalamika. Gharama yake ni kumpunguzia mwalimu vipindi, na hapo ndipo uongozi wa shule nyingi huanza kuangalia saa.