Uhandisi Mombasa: Ugomvi Uko Mlangoni, Mchujo Uko Kwingine

Kila matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, yakitoka na vijana wakaanza kupangiwa vyuo, Mombasa hurudia mabishano yale yale. Je, msichana, mwenye ulemavu au mtoto wa Kinango, huko mashambani, aliyesoma shule isiyo na maabara apunguziwe pointi ili apate nafasi ya uhandisi? Wanaounga mkono wanashika Katiba ya 2010, ambayo kifungu chake cha 56 kinaitaka serikali iyape makundi yaliyotengwa nafasi maalumu katika elimu. Wanaopinga wanauliza: kreni ya bandarini itajuaje kwamba aliyeipigia hesabu alionewa huruma?

Swali la kreni linajibika. Pointi hupunguzwa mlangoni tu. Mitihani ya miaka mitano ni ile ile kwa wote, na Bodi ya Wahandisi haina daftari la pili la waliosaidiwa. Hoja nzito ya wanaopinga ni nyingine, nao huitaja kwa nadra: aliyeingia na fizikia dhaifu akakutana na hisabati ya uhandisi mwaka wa kwanza, akianguka, anarudi nyumbani bila shahada, na deni la HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu. Huko si kumsaidia. Anayempunguzia mtu pointi ampe na masomo ya kujazia kabla muhula haujakolea.

Wanaodhani upendeleo wa aina hii ni uzushi wa juzi waitazame historia ya Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor. Kiliasisiwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa jina la MIOME (Mombasa Institute of Muslim Education), kiwape elimu ya ufundi Waislamu wa Afrika Mashariki. Kufikia 1966 kilikuwa kimebadili jina na kupokea watu wa dini zote, 1972 kikawa politekniki, na 2013 kikapata hati ya chuo kikuu. Sijamsikia mtu akiwaita wahandisi wake wa huruma.

Lakini pointi hazimrudishi aliyekwisha kuchujwa. Katika mfumo wa elimu wa 8-4-4 unaoyoyoma, shule nyingi huwaachia wanafunzi hiari ya fizikia wakifika kidato cha tatu, na hapo ndipo msichana huambiwa achukue biolojia asijichoshe. Mfumo mpya haujaondoa tatizo: tangu Januari 2026 mwanafunzi anaingia gredi ya kumi akiwa ameshachagua mkondo wa masomo.

Mchujo mwingine uko karakana. Wanafunzi watano wanagawana mashine moja ya kukereza vyuma, msichana ni mmoja. Mashine haijawashwa, ameshapewa kalamu: "Wewe una mwandiko mzuri, andika ripoti." Wavulana wanafunga chuma, wanapima, wanakata. Alama zinatoka sawa kwa kundi zima, ila mmoja hajagusa hata mpini. Hakuna aliyekusudia ubaya, ndiyo maana jambo lenyewe halionekani. Mkufunzi angeandika zamu ukutani, nani anashika nini wiki gani, yangekwisha.

Na hapa Pwani kuna hijabu. Nguo inayopepea haikaribii mashine inayozunguka. Tai, mikono mipana na nywele ndefu ni hatari hivyo hivyo. Mkufunzi anayekataza mtandio unaoning'inia yuko sahihi kabisa. Anakosea akiishia hapo, kwa sababu hijabu ya kubana, ncha zake zikiingizwa ndani ya ovaroli, haivunji kanuni ya usalama wala ya dini. Iandikwe kwenye kanuni za karakana, isiachiwe hasira za siku hiyo.

Ratiba nayo. Kipindi cha maabara kinachokwisha saa moja usiku kinamchosha kila mtu, lakini kwa binti anayerudi Likoni, feri kisha matatu gizani, ni sababu ya kutokuja. Kuhusu wenye ulemavu sina mengi: ngazi isiyo na njia ya kiti cha magurudumu haihitaji mjadala, inahitaji simenti, na kiwanda cha Bamburi si mbali.

Yote haya yanahitaji pesa, na wapinzani wana haki ya kuuliza zitatoka wapi wakati madarasa yamefurika. Ningelazimika kuchagua kati ya kupunguza pointi zaidi na kumlipa mkufunzi mmoja wa ziada karakana, ningemchukua mkufunzi. Nafuu ya pointi iliyopo nisingeiondoa hadi shule za mashambani ziwe na maabara.