Breki za rivasi hazijaijua Ngamiani

Siku hizi ukienda kutazama gari lililoshushwa kutoka Japani, muuzaji hachelewi kukwambia, "Hili kaka, ukirudi nyuma linashika breki lenyewe." Kweli linashika. Kinachoniudhi ni kwamba maelezo yanaishia hapo, na mnunuzi anaondoka akiamini nyuma kuna mlinzi.

Vile vidude vya duara kwenye bampa, yaani sensa, havioni. Vinatoa sauti ambayo sikio la binadamu haliisikii, kisha vinangoja mwangwi. Ukuta wa matofali unaurudisha vizuri. Nguzo nyembamba, mnyororo wa geti au spoku za baiskeli hurudisha kidogo mno, na nguo laini huimeza sauti. Mtoto aliyechuchumaa akicheza gololi karibu na bampa anaweza kuwa chini kabisa ya usawa wa sensa. Mtaro usio na mfuniko ndio haurudishi chochote: tairi litatumbukia na gari halijapiga hata mlio.

Sasa toka kwa rivasi kwenye mojawapo ya zile barabara za namba za Ngamiani, mjini Tanga, saa watoto wanapotoka madrasa. Tanga ni mji wa baiskeli, na mwenye baiskeli hasimami nyuma yako akusubiri. Anakatiza kutoka ubavuni. Akiingia kwenye upeo wa sensa, mara nyingi muda wa kusimama umekwisha. Mwaka 2023 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kiliyajaribu magari mapya yenye breki hizi. Sanamu ya mtoto aliyesimama tu nyuma ya gari iliepukwa nusu ya majaribio. Gari lililokuwa likipita nyuma liliepukwa katika asilimia 2.5 tu. Hayo yalikuwa magari mapya, sehemu safi.

Letu limekwishatumika miaka kadhaa. Masika yakianza, tope linaganda kwenye bampa na sensa zinazibwa. Au bampa liligongwa, fundi akapiga puti na rangi juu ya sensa, gari likang'aa. Onyo likitokea kwenye dashibodi limeandikwa Kijapani, nani atalisoma? Wengine huuzima mfumo wote kwa sababu majani marefu yaliwahi kulifanya gari lifunge breki ghafla.

Sisemi mfumo ufutwe. Ukiokoa mguu wa mtoto mmoja, umelipa. Ila muuzaji aseme na kile mfumo usichokiweza, na walimu wa udereva wawafundishe wanafunzi kushuka na kuzunguka gari kabla ya kuwasha.

Mimi ningeanza na jambo lisilo na gharama: ingia kwenye maegesho kwa rivasi, wakati eneo umetoka kulipita na kuliona, ili ukiondoka utoke kwa mbele. Wenye magari ya abiria wengi wanafanya hivyo tayari. Wenye magari madogo bado tunaingia kichwa kichwa, halafu tunarudi nyuma kwenye barabara iliyojaa watu.