Si elimu tu, ni muda

Ndugu mwandishi, umeandika kwamba watoto wa Iringa na Njombe wanadumaa, yaani wanabaki wafupi kuliko umri wao, kwa sababu mama zao hawana elimu ya lishe. Mimi nimezaliwa na kulelewa huko, naomba nipinge kidogo. Kliniki tumekwenda, na hilo la kunyonyesha miezi sita bila hata maji tunalijua kama wimbo.

Sasa njoo msimu wa kulima. Mama anatoka alfajiri, shamba liko mbali, mtoto wa miezi minane anaachwa na dada yake wa miaka minane. Anaachiwa uji wa sembe kwenye chupa ya chai, mwepesi ili usigande, anakunywa huohuo mpaka jioni. Tumbo linajaa maji. Elimu gani itapika uji mzito saa sita mchana wakati mama yuko na jembe?

Halafu mayai yanauzwa, maziwa yanauzwa, na parachichi siku hizi linasubiri dalali. Kijiko kimoja cha parachichi kwenye uji kingesaidia, lakini nani anapanga mauzo nyumbani? Baba. Hao baba sijawaona hata kwenye picha ya semina uliyoweka.

Utafiti wa afya wa mwaka 2022 uliikuta Iringa na udumavu wa zaidi ya nusu ya watoto chini ya miaka mitano, mkoa unaolisha wengine mahindi! Na ule unga wa lishe wa nafaka saba mnaousifia, karanga zinazosagwa humo zikiwa na ukungu zinaweza kuleta sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu.